Mhusika gani wa hadithini angekufaa kuwa rafiki? Mimi namtaja Najum, si Bwana Msa

#1 Msomaji wa Usiku

Wakuu, salaam.

Ukiwauliza watu ni mhusika gani wa hadithini wangependa awe rafiki yao, wengi watakutajia shujaa. Kwa sisi tuliokulia kwenye hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, jibu huwa Bwana Msa na kiko chake, bingwa wa kubaini yaliyowapita polisi. Mimi nakataa. Wa kufanya naye urafiki ni Najum, mwenzake anayefuatana naye katika visa hivyo.

Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960, mwenendo wao ni uleule. Bwana Msa anajua, Najum anauliza. Najum anakisia, kisio lake linaporomoshwa mbele ya macho yake, naye haondoki wala halipizi. Kisa kingine kikizuka, yupo. Mtu anayeweza kukosolewa na mwenzake mara kwa mara bila kumwekea kinyongo ni adimu kuliko mtu mwenye akili nyingi.

Tena Bwana Msa hufunga mdomo mpaka mwisho. Anakuacha upapase gizani, na huku yeye ameshaliona jibu. Nimwite rafiki kwa lipi?

Karibuni. Taja mhusika wako na useme kwa nini. Jina tupu halitoshi.

#2 kichwa_ngumu

Mkuu, napinga mapema. Siku nikisingiziwa wizi, Najum atanisaidia nini? Atakaa pembeni yangu tukisie wote wawili. Mimi na Bwana Msa. Anaficha mambo, sawa, lakini mpelelezi asiyejua kunyamaza anamtorosha muuaji. Rafiki hupimwa kwa anachokufanyia.

#3 Msomaji wa Usiku

@kichwa_ngumu kwani unasingiziwa wizi kila siku? Hizo siku nyingine zote utazungumza na nani?

#4 Binti Kalamu

Naomba nihamishe mjadala kidogo. Mmetaja mpelelezi na mwenzake, mimi namtaja mtu ambaye hata jina lake wengi hawalikumbuki: Saada, kijakazi katika habari za Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani.

Liongo yuko gerezani, amefungwa pingu na minyororo, anangoja kuuawa. Mama yake anamletea chakula kwa mkono wa Saada, na kila kikipita mlangoni walinzi wanakila kile kizuri, wanambakizia makombo. Liongo anaimba wimbo, walinzi wanausikia lakini hawaelewi unasema nini. Saada anaelewa. Ujumbe ni kwamba mama aoke mkate, ndani yake atie tupa. Basi vinaandaliwa vyakula vizuri, pamoja na mkate mmoja wa wishwa (pumba za nafaka), na tupa imo humo. Saada anabeba, anafika mlangoni. Walinzi wanachukua vizuri, wanautupia jicho ule wa wishwa, wanasema mpelekee bwana wako.

Sasa fikirieni dakika ile. Amesimama mbele ya watu wenye silaha, wanapekua sinia, wanatafuna, na yeye anajua kilichomo ndani ya mkate ule mmoja. Akibadilika uso tu, wamekwisha wote. Hakubadilika.

Huyo ndiye rafiki. Anaelewa usichoweza kukisema waziwazi, anakifikisha palipotakiwa, harudi kudai asifiwe. Hadithi inaendelea na Liongo, yeye hatajwi tena.

#5 Nahodha Mstaafu

Binti Kalamu umeeleza vizuri sana. Nina mambo mawili.

Kwanza, kumwita Liongo mhusika wa kubuni si sawa. Huku pwani wapo wanaomhesabu kuwa mtu aliyeishi, na karibu na Kipini kuna kaburi linaloonyeshwa kuwa lake. Kilichotiwa chumvi ni visa, mtu mwenyewe yumo kwenye kumbukumbu.

Pili, na hili ndilo zito: Saada alikuwa kijakazi. Alitumwa. Mtu asiyeweza kukataa utamwitaje rafiki? Urafiki unataka hiari.

#6 Binti Kalamu

Nahodha, shikamoo. La kwanza nakuachia, mimi nazungumzia alivyosimuliwa. La pili sikubali. Alitumwa kupeleka mkate, ndiyo. Lakini walinzi walikuwa pale pale. Kusema neno moja kwao kungempa zawadi, labda na uhuru pia. Hapo ndipo hiari yake ilipokuwa, kwenye kutosema. Mtumwa ananyimwa mengi, lakini siri iliyo kifuani mwake hakuna anayeweza kumnyang'anya.

#7 Nahodha Mstaafu

Marahaba binti yangu. Kutosaliti ni uaminifu. Urafiki ni zaidi ya hapo. Nimefanya kazi na mabaharia waaminifu miaka mingi, na wengi wao hatukuwa marafiki.

#8 Mwalimu wa Fasihi

Hapo Nahodha amegusa jambo la kale sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliugawa urafiki mafungu matatu: wa manufaa, wa raha, na wa wema. Wa manufaa hufa manufaa yakiisha, na wa raha hivyo hivyo. Wa tatu hudumu kwa sababu kila mmoja anampenda mwenzake kwa alivyo.

Ukiupitisha uzi huu kwenye mafungu hayo, kichwa_ngumu anataka rafiki wa manufaa (anitoe kesini). Mleta uzi, ukimsoma vizuri, anataka wa raha (mtu wa kuzungumza naye). Binti Kalamu peke yake ndiye aliyeukaribia wema.

Mimi wangu ni Adili, wa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ndugu zake Hasidi na Mwivu walikula mali yao wakarudi mikono mitupu, akawagawia yake. Baadaye wakamtupa baharini. Walipogeuzwa manyani kwa kosa hilo, yeye akaamriwa awachape kila usiku. Anawachapa huku moyo unamuuma, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Mtu asiyeweza kumchukia hata aliyetaka kumwua, ukimkosea wewe kwa jambo dogo atakutupa?

#9 Shangazi Tatu

Mwalimu, nakuheshimu, ila Adili kwangu HAPANA.

Mimi nimewahi kuwa na rafiki wa namna hiyo, anayemsamehe kila mtu. Jamaa mmoja alinitapeli, nikamlilia rafiki yangu, akanisikiliza kwa upole kabisa. Wiki hiyo hiyo nikamkuta ameketi na yule tapeli wanacheka. Nilipomuuliza akaniambia, "Naye ana upande wake." Mtu akiwa mwema kwa wote sawasawa, wewe uliye karibu naye unapata nini cha ziada?

Tena lile la fimbo linanisumbua. Analia, lakini anachapa. Kila usiku! Kwa amri ya jini. Rafiki yangu akiamriwa anichape, nategemea aniambie "kimbia".

#10 Mwalimu wa Fasihi

Shangazi, aliambiwa asipofanya hivyo atachapwa yeye, na mwenye kuamuru ni yule jini, Huria, aliyemwokoa baharini. Hakuwa na njia. Na aliyemsaidia akatoka kwenye mtego huo ni Rai, mfalme, baada ya Ikibali, mjumbe wake, kuchungulia usiku na kuyaona yale. Usiisome fimbo peke yake. Soma na machozi.

#11 Shangazi Tatu

Basi rafiki mzuri humo ni Ikibali! Kaona jambo la ajabu, hakupita kimya, kalipeleka kwa mwenye uwezo wa kuliondoa. Bila yeye Adili angechapa mpaka leo.

#12 kichwa_ngumu

Ikibali aliyechungulia usiku kwenye nyumba aliyokaribishwa? Shangazi, huyo kwako asingemaliza siku mbili 😄

#13 Shangazi Tatu

Angechungulia, ningemfokea, halafu ningemshukuru. Wewe endelea kusingiziwa wizi wako.

#14 Ukurasa Uliokunjwa

Narudi kwenye #1. Mleta uzi umesema Bwana Msa anaficha mambo. Wanaofahamu Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, wanajua tabia hiyo inatoka wapi, maana Bwana Msa kaundwa kwa kumtazama yule. Holmes alimfanyia rafiki yake Dr Watson jambo ambalo mimi nisingemsamehe: alimwacha aamini amekufa kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi. Watson akaomboleza miaka kumi. Halafu siku moja Holmes anamtokea akiwa amevaa kama mzee muuza vitabu, Watson anazimia.

Kwa hiyo nakuunga mkono, na nasema kila hadithi ya aina hii ina mtu wa pili ambaye ndiye mwenye utu wote.

#15 Mwalimu wa Fasihi

Rekebisho dogo: si miaka kumi kwa Watson. Ndani ya hadithi ni miaka mitatu, 1891 hadi 1894. Waliongoja kumi ni wasomaji, kwa sababu mwandishi wake, Conan Doyle, alimuua Holmes kwenye hadithi ya mwaka 1893 na kumrudisha kwenye ile ya 1903. Lakini hoja yako haipungui. Miaka mitatu ya kumlilia mtu aliye hai ni mingi.

#16 Ukurasa Uliokunjwa

Sawa mwalimu, miaka mitatu. Na humo Holmes alikuwa akimwandikia ndugu yake Mycroft! Ndugu alijua, rafiki hakujua. Hapo ndipo panaponiuma hasa.

#17 kichwa_ngumu

Alimficha ili maadui waamini kwamba amekufa kweli. Watson hawezi kuigiza msiba. Uso wake ungewaambia watu kwamba Holmes yu hai. Kwa hiyo alijilinda kwa kumliza. Mbona mnamsifu Saada kwa kuficha na mnamlaumu Holmes kwa kuficha?

#18 Binti Kalamu

Kwa sababu Saada aliwaficha walinzi. Holmes alimficha rafiki yake. Angalia siri inafungiwa nani nje.

#19 Msomaji wa Usiku

@Binti Kalamu ahsante. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi.

#20 Jicho la Paka

Habari zenu. Mbona hadithi za wanyama zimesahaulika? Kisa cha kima na papa ni cha urafiki mtupu. Kima yuko juu ya mkuyu, anamrushia papa matunda, wanazoea, papa anamkaribisha kwao. Katikati ya bahari anamwambia sultani wetu anaumwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao huiacha mioyo mitini, turudi tukauchukue. Akafika pwani, akapanda juu, kwisha. Mimi namtaka kima. Ana akili na hana kisasi, alimjibu papa kwa maneno tu.

#21 Nahodha Mstaafu

Kisa hicho kimo katika mkusanyo aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870, pamoja na cha punda wa dobi, ambacho kima anakisimulia akiwa juu ya mti. Na kuna jambo humo ambalo nimeliwaza sana nikiwa majini: kwa nini papa alisema? Kima yuko mgongoni, pwani iko mbali, hana pa kukimbilia. Papa angenyamaza mpaka wafike, kazi ingekwisha. Alisema njiani.

Mimi naona alishindwa kumbeba rafiki yake kwenda kufa huku anamdanganya. Urafiki ulimbana koo. Huyo papa, pamoja na ubaya wake, alikuwa na kitu.

#22 Shangazi Tatu

Nahodha! Alisema kwa sababu alijua kima hawezi kutoroka. Ni kiburi cha mwenye nguvu. Ukweli unaoambiwa ukiwa umeshafungwa haukufai kitu.

#23 Ukurasa Uliokunjwa

Kuna maelezo ya tatu: papa alitaka kima akubali mwenyewe. Watu wapo hivyo. Wanataka uwape kitu chako kikubwa, na wanataka utoe kwa moyo mweupe ili wao wasijione wabaya.

#24 Nahodha Mstaafu

Ukurasa, hayo ni mazito. Lakini kumbukeni, bila ulimi wa papa kima angekufa. Aliyemwokoa kima ni akili yake na maneno ya papa, vyote viwili.

#25 mtoto_wa_mwisho

Mimi nipeni Abunuwasi. Yule aliyeazima sufuria, akairudisha na kisufuria ndani yake akisema imezaa, mwenyewe akapokea kwa furaha. Mara ya pili hakurudisha, akasema imekufa. Ukikubali sufuria huzaa, kubali na hufa! Nikiwa naye sitaonewa na tajiri yeyote.

#26 Jicho la Paka

Ila aliyemwazima sufuria ni jirani yake, siyo sultani. Ukiwa rafiki wa Abunuwasi jiandae, sufuria yako nayo itazaa.

#27 Mwalimu wa Fasihi

Na kabla Nahodha hajaniwahi: Abunuwasi naye ana mizizi ya mtu halisi, mshairi Abu Nuwas wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Visa vya sufuria ni vya wasimulizi, na vinasimuliwa pia kwa majina ya watu wengine huko Mashariki ya Kati.

#28 Msomaji wa Usiku

Naomba niulize, maana uzi umefika pazuri. Kwa nini hata tunajiuliza swali hili? Najum hawezi kunijua. Nikifunga kitabu, hajui kama nilikuwepo. Je, tunachotafuta ni rafiki, au tunajipima wenyewe?

#29 Ukurasa Uliokunjwa

Mwaka 1956 wanazuoni wawili nchini Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu ukaribu wa upande mmoja: mtazamaji wa televisheni anamwona mtangazaji kama mtu wake wa karibu, na mtangazaji hana habari naye. Mhusika wa kitabu ni zaidi ya hapo, maana mtangazaji angalau yupo mahali fulani.

Lakini mimi siuoni kuwa upungufu. Mhusika ndiye pekee utakayemjua kwa ndani bila yeye kukuruhusu. Unasikia anachowaza. Rafiki yangu wa miaka mingi sijui anawaza nini akiwa peke yake usiku. Wahusika kadhaa najua.

#30 kichwa_ngumu

Lakini Bwana Msa hujui anachowaza, ndiyo lawama ya #1. Sasa tukisema mhusika ni rafiki kwa kuwa tunamjua ndani, na Bwana Msa hatumjui ndani, mbona tunamfuata kitabu baada ya kitabu? Siri yake ndiyo inayotuvuta. Na watu tunaowapenda maishani si ndivyo walivyo? Ukimmaliza mtu umemmaliza.

#31 Msomaji wa Usiku

Hilo ni jibu zuri kuliko la kesi ya wizi. Bado namchukua Najum.

#32 Sauti ya Chini

Huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Mnauliza nani angekuwa rafiki mzuri kwako. Mimi nikisoma huwa najiuliza kinyume chake: nani humo alihitaji rafiki akamkosa, na mimi ningemfaa? Jibu langu ni Rosa, wa riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Nilikuwa bweni nilipoisoma, tukipokezana nakala moja iliyochakaa, haina jalada.

Baba yake Zakaria anamkuta na barua ya Charles. Anampiga kipigo cha kumwumiza, na kuanzia hapo mwanamume ni kitu cha kuogopwa. Hakuna aliyekaa naye chini akamweleza kitu chochote. Mama yake Regina anampenda, lakini yeye mwenyewe anapigwa. Rosa anapokuwa mbali na baba, hana breki wala mwalimu, na mwisho wake mliosoma mnaujua.

Darasani tulifundishwa kujadili "malezi" na "nani wa kulaumiwa". Sawa. Mimi nilichokiona ni msichana asiyekuwa na mwenzake wa rika lake wa kumwambia "hata mimi niliandikiwa barua, si neno". Sentensi moja tu. Nilimwambia mimi, nikiwa kitandani na tochi, na ninajua hakusikia. Lakini pale bweni alikuwepo msichana aliyepokea barua, akawa analia kwa woga wa kwao. Nikaenda kukaa kwake. Bila Rosa nisingejua la kusema.

#33 Shangazi Tatu

Mwanangu, umenitoa machozi. Usisome tu humu, andika.

#34 Mwalimu wa Fasihi

Nimefundisha kitabu kile na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea swali hilo. Nitalitumia darasani, kwa idhini yako.

#35 Sauti ya Chini

Ruksa mwalimu.

#36 mtoto_wa_mwisho

Sasa tukienda kwa njia hiyo, Karama wa Kusadikika, kitabu kingine cha Shaaban Robert, naye alihitaji rafiki. Ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, amesimama barazani siku kwa siku anajitetea peke yake. Anasimulia wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi, na kila mmoja akirudi anatiwa gerezani. Katika watu wote wa nchi ile hakuna aliyenyanyuka akasema "niko na huyu".

#37 kichwa_ngumu

Na angekuwa rafiki wa namna gani? Ukimuuliza kwa nini umechelewa, anakusimulia safari sita 😄

#38 mtoto_wa_mwisho

Ningezisikiliza zote sita. Wale wajumbe walifunguliwa kwa sababu yake. Wewe uliyejiandaa kusingiziwa wizi, wakili wako huyo hapo, na hafichi kitu mpaka ukurasa wa mwisho. Anaeleza kila jambo hadharani.

#39 Nahodha Mstaafu

Kijana amekujibu. Kesi ya wizi imepata wakili, Bwana Msa hana kazi tena.

#40 kichwa_ngumu

Karama alijua sheria. Hakujua nani kaiba. Bado namhitaji Bwana Msa wa kumtafuta mwizi. Wawe wawili.

#41 Binti Kalamu

Naona mmemsahau mtu. Liongo alipoomba kabla ya kuuawa apigiwe ngoma, wakapiga vigoma, wakapuliza pembe, wakaimba, yeye ndani anakata minyororo kwa tupa na hakuna anayesikia. Wale wapigaji ngoma nje: walijua au hawakujua? Wakubwa waliomfunga hawakujua, hilo liko wazi. Lakini ngoma ile ilichezwa na watu wengi, na sidhani wote walikuwa upande wa waliomfunga. Aliyekuwa amemshuku Liongo akazidi kupiga kwa nguvu badala ya kunyamaza, huyo naye tumweke fungu gani?

#42 Mwalimu wa Fasihi

Hakuna anayetajwa hivyo katika masimulizi niliyoyasoma.

#43 Binti Kalamu

Najua mwalimu. Saada naye katajwa kidogo tu, na angalia tulivyomzungumza. Nauliza, kama alikuwepo, ni rafiki au si rafiki?

#44 Nahodha Mstaafu

Si rafiki. Ni mtu mwema. Rafiki lazima ajulikane na mwenziwe.

#45 Sauti ya Chini

Mimi nasema ni rafiki. Rosa hanijui.